Gharama ya Kusema

Kibaha iko kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam, kwa Barabara ya Morogoro. Kisarawe iko upande mwingine, juu ya vilima vya Pugu. Miji hii miwili ya Mkoa wa Pwani ina sifa inayopendwa na maofisi ya jijini: iko mbali kiasi cha kumzuia mfanyakazi asitoroke mchana kurudi mezani kwake, na iko karibu kiasi kwamba Coaster moja inatosha kuwapeleka wote na kuwarudisha. Ndiyo maana warsha za kujenga moyo wa timu hazikosekani huku. Fulana za rangi moja, bango kitita, maka peni, chai ya saa nne, kuvuta kamba jioni, picha ya pamoja, posho.

Kila aliyewahi kuhudhuria anaujua wakati fulani wa siku hiyo. Chai imeshanywewa, watu wamecheka vya kutosha, na mwezeshaji anauliza swali lililowaleta: ni kitu gani kinatukwamisha kazini? Ukumbi unanyamaza. Mmoja anatazama feni, mwingine anatazama simu. Mwishowe mtu wa nyuma anasema, "Mawasiliano." Wote wanaitikia kwa kichwa. Mwezeshaji anaandika MAWASILIANO kwa herufi kubwa, na kazi inaendelea kana kwamba jambo limesemwa.

Anayejifunza kazi hii huambiwa kwamba dawa ya ukimya huo ni kuwachangamsha watu zaidi: mchezo mwingine, wimbo mwingine, makundi ya watu watano watano. Historia ya Pwani na ya nchi nzima inatoa jibu tofauti. Ukimya ule ni hesabu. Mtu amekaa pale anajumlisha: nikisema, nani atasikia, nani atapeleka habari, na nani atalipia maneno yangu Jumatatu asubuhi? Mwezeshaji mzuri ni yule anayeijua hesabu hiyo kabla hajafungua mdomo. Watu wa huku wamekuwa wakiipiga kwa muda mrefu sana.

Kirangozi na mtani

Karne ya 19, eneo lililo kati ya bahari na Mto Ruvu lilikuwa mlango wa bara. Misafara ya pembe na nguo ilipita katika nchi ya Wazaramo kwenda Unyamwezi na kurudi. Richard Burton na John Speke walianza safari yao ya mwaka 1857 kutoka Kaole na kukatiza Uzaramo wakifuata bonde la Ruvu. Tumezoea kuisoma habari hiyo kama habari ya wavumbuzi. Tuisome mara moja kama habari ya mahali pa kazi. Msafara ulikuwa na mamia ya watu wasio wa ukoo mmoja wala lugha moja, waliobeba mizigo mizito kwa miezi mingi, na ambao wangeweza kuutupa mzigo porini na kukimbia wakati wowote.

Mbele yao alitembea kirangozi. Mara nyingi wapagazi wenyewe ndio waliomchagua, wakitazama kama anaijua njia, na kama anajua kusema na tajiri kwa niaba yao na kusema nao kwa niaba ya tajiri. Kirangozi aliyekuwa wa tajiri peke yake hakuwa na watu nyuma yake. Aliyekuwa wa wapagazi peke yake hakulipwa.

Njia hiyo ilikuza pia utani. Wazaramo na Wanyamwezi, watu wa pwani na watu wa bara waliokutana kwa biashara, kwa ugomvi na kwa mazishi ya njiani, ni watani mpaka leo. Wazaramo wana utani na makabila mengine pia. Mtu asiyeujua utani hudhani ni matusi yenye ruhusa. Nenda kwenye msiba uone. Mtani huja na kusema mbele ya wafiwa yale ambayo ndugu hawathubutu kuyasema: marehemu alikuwa mchoyo, alikuwa mlevi, alikufa na deni langu. Anaweza kujilaza njiani akazuia jeneza mpaka apewe chochote. Hakuna anayekasirika, na akikasirika yeye ndiye mwenye kosa.

Ruhusa hiyo haitolewi bure. Mtani yuleyule anayetukana ndiye anayechota maji, anayechimba kaburi, anayehangaika na chakula wakati wenye msiba wamezidiwa. Anasema ukweli kwa sababu si wa ukoo ule, kwa hiyo hana urithi wa kugombea. Anasikilizwa kwa sababu amebeba kazi. Kwa hiyo wazee walishapanga nani aseme lisilosemeka, kwa kinga gani, na kwa malipo gani ya jasho.

Mkutano wa Tumbi

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru wa Tanganyika, nchi tano za Nordic, yaani Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden, zilianza na serikali yetu mradi mmoja hapo Kibaha, eneo la Tumbi. Ulikuwa msaada wa kwanza ambao nchi hizo ziliutoa kwa pamoja. Ukajenga shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, ili kupigana na wale maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Tarehe 10 Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Tanzania, na ndio unaoitwa leo Shirika la Elimu Kibaha. Upande wa wakulima ulikuja kuwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi.

Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya umma vya Sweden, na mfano huo chimbuko lake ni Denmark. Huko mchungaji N.F.S. Grundtvig alihubiri shule ya watu wazima wa kijijini isiyokuwa na mitihani, ambamo elimu hupatikana kwa mazungumzo ya mdomo kati ya mwalimu na mwanafunzi. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wakulima wa Denmark walikuwa wanatoka katika utawala wa mfalme mwenye nguvu zote kwenda katika nchi yenye bunge, na Grundtvig aliona kwamba mtu asiyezoea kusema mbele ya wenzake hawezi kujitawala.

Wazo hilo liliikuta Tanzania ikiwa inatafuta jambo lilelile kwa njia yake. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeshaanza kutumia redio: mwaka 1969 kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, mwaka 1971 Wakati wa Furaha. Kisha mwaka 1973 ikaja kubwa kuliko zote, Mtu ni Afya.

Watu 75,000 wasiokuwa walimu

Mtu ni Afya ilihusu malaria, kuhara, kichocho, minyoo na kifua kikuu. Ilidumu wiki 12. Kila wiki kundi dogo la wanakijiji au wafanyakazi lilikaa kuzunguka redio moja, likasikiliza kipindi, likasomewa kitabu, likajadili, kisha likaamua litafanya nini kabla ya kukutana tena. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Ili jambo hilo liwezekane, viongozi wa makundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi, ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi mkoa, wilaya na kata.

Tafakari namba hiyo. Sijui nchi nyingine ya umri wetu wakati ule iliyofundisha waongozaji wa mazungumzo wengi kiasi hicho kwa mara moja. Hawakuwa wataalamu wa afya. Sifa kubwa ilikuwa kujua kusoma na kukubalika na wenzao. Walifundishwa wasihutubie. Waulize swali, wangoje, wamwache mwingine ajibu, wasikubali mtu mmoja ameze mkutano, na wasiache kundi liondoke bila kukubaliana kazi ya wiki hiyo. Mwongozo huo ukiuweka mbele ya mwezeshaji wa kampuni leo, hataona cha kuongeza isipokuwa projekta.

Na kazi ilifanyika. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba. Sababu moja ni kwamba kundi halikuombwa kuamua jambo lililo nje ya uwezo wake. Choo ni chako, jembe ni lako, na hakuna mkubwa atakayekukasirikia kwa kukichimba. Gharama ya kusema ilikuwa ndogo, na njia kutoka neno hadi tendo ilikuwa fupi.

Mwaka huohuo, Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Katika mikoa mingi, Pwani ikiwamo, watu walihamishwa kutoka mashambani kwao. Kwa mkulima wa korosho au minazi maana yake ilikuwa kuiacha miti mbali na nyumba, na korosho ikiachwa bila kupaliliwa, moto na magugu huimaliza. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofika kilele cha tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, ulianguka kwa zaidi ya miaka kumi, na kuhamishwa huko ni mojawapo ya sababu. Juu ya choo, mwananchi aliulizwa maoni yake kwa wiki 12. Juu ya mahali pa kuishi hakuulizwa. Watu walijifunza somo ambalo halikuwamo kitabuni: kuna mambo ya kujadili, na kuna mambo ambayo yameshaamuliwa kabla redio haijawashwa.

Waliosema kiwandani

Mahali pa kazi somo hilo lilikuwa chungu zaidi. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, ili wafanyakazi washiriki katika mambo ya shirika lao. Mabaraza yakaundwa. Lakini menejimenti ilikaa humo kwa wingi na kwa sauti, na baraza lilikuwa la kushauri. Wafanyakazi wakagundua kwamba wamepewa ukumbi, hawakupewa uamuzi.

Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 ilimtaka kiongozi asiwe na majivuno, dharau wala ubabe kwa anaowaongoza. Wafanyakazi waliisoma kwa makini kuliko waandishi wake walivyotarajia. Kati ya 1971 na 1973 kazi zilisimamishwa katika viwanda na mashirika mengi, na mara nyingi sababu haikuwa mshahara. Ilikuwa meneja anayetukana, anayefokea watu wazima mbele ya wenzao, anayefukuza mtu bila kumsikiliza. Leo tungeandika kwenye bango kitita: mahusiano kazini.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia mwenye kiwanda nje na kukiendesha wenyewe, na serikali ikawakubalia. Wengine waliojaribu kufuata mfano huo hawakupata bahati hiyo. Walikutana na polisi, na wengi wakapoteza kazi. Issa Shivji aliyaandika matukio hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya kitabaka nchini, na anayefanya kazi ya uwezeshaji apaswa kuyajua hata kama hakubaliani na hitimisho lake. Watu waliambiwa waseme. Wakasema. Bili ikaja kwa jina la aliyesema.

Wajukuu wa watu hao ndio waliokaa kwenye kumbi za Kibaha leo wakitazama feni. Hakuna aliyewasimulia habari za Mount Carmel, lakini busara yake imewafikia nyumbani: kazini nyamaza, mwanangu, utapata shida.

Jioni moja Connecticut

Warsha yenyewe tunayoijua, yenye makundi na mrejesho, ilitufikia kwa njia nyingine. Kiangazi cha mwaka 1946, mjini New Britain, jimbo la Connecticut, Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin aliendesha mafunzo kwa viongozi wa jamii waliotaka kupambana na ubaguzi. Mchana washiriki walijadili. Jioni watafiti walikutana peke yao kuzungumza walichokiona. Jioni moja baadhi ya washiriki wakaomba waingie kusikiliza, na Lewin akawaruhusu. Mtafiti akaeleza jinsi mama mmoja alivyofanya asubuhi ile. Mama akakatiza: sivyo ilivyokuwa. Mjadala ukawaka, na jioni zilizofuata wengi zaidi wakaja. Lewin alifariki Februari 1947, na kiangazi hicho wenzake wakafungua maabara ya mafunzo ya makundi huko Bethel, Maine. Kutoka hapo mbinu hiyo ikaingia katika makampuni ya dunia nzima.

Michezo ya nje nayo ina ukoo wake. Mwaka 1941, wakati wa vita, Kurt Hahn na mwenye meli Lawrence Holt walianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, kwa sababu Holt aliona mabaharia vijana wanakufa kwenye mashua za kuokolea ambamo wazee wao walipona. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 tawi lake lilifunguliwa Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro, na vijana wa Afrika Mashariki wakapandishwa mlima ili wajifunze kutegemeana. Kamba tunazovuta leo kwenye bonanza, na matembezi ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, ni wajukuu wa mashua ile.

Tukichukua michezo na kuacha sababu yake, tunabaki na jasho tu. Hahn na Holt walikuwa na swali moja gumu: kwa nini vijana wanakufa? Lewin alipata jambo moja: mtu hubadilika akiruhusiwa kusikia anachosemwa na kukijibu, mbele ya wanaomsema, bila kuadhibiwa. Warsha isiyokuwa na swali gumu wala haki ya kujibu ni pikiniki, na pikiniki si dhambi, ila iitwe jina lake.

Kazi ya mwezeshaji

Kibaha haijaacha kuwa mahali pa kufundishia watu uongozi. Februari 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunguliwa huko Kwa Mfipa, ikiwa ya vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika. Kumbi zipo na watu watazidi kuja. Kijana anayetaka kuifanya kazi hii vizuri apate wapi mwanzo?

Aanze na kirangozi. Kabla ya siku ya warsha, akae na mkurugenzi amuulize kwa upole na bila kuzunguka: katika haya watakayosema watu wako, yapi uko tayari kuyabadilisha ndani ya miezi mitatu? Ikiwa jibu ni hakuna, basi wafanyakazi wasiulizwe kinachowakwamisha. Wachezeshwe mpira, wale vizuri, warudi salama. Kuwafungua watu midomo juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa ni kuwarudisha mwaka 1973. Kisha aongee na wafanyakazi wawili watatu wa ngazi ya chini, mmoja mmoja. Dereva na mhudumu wa ofisi huijua taasisi kuliko mpango mkakati wake.

Ukumbini, afuate wale viongozi 75,000. Aulize, angoje. Ukimya wa sekunde ishirini unaonekana mrefu kwa aliyesimama mbele, lakini kwa aliyekaa ni muda wa kumalizia hesabu. Aandike maneno ya mshiriki kama yalivyotoka. Mtu akisema, "Likizo yangu imekataliwa mara mbili bila sababu," isiandikwe MAWASILIANO. Wakubwa na wadogo watenganishwe kwanza, makundi yatoe hoja bila majina, na bosi ajibu mwishoni, si mwanzoni. Bosi akianza, wengine watamwitikia tu.

Hapo ndipo anapokuwa mtani. Lile lisilosemeka alitoe yeye, kwa niaba ya kundi, kwa ucheshi usiomdhalilisha mtu: "Bosi, nimesikia kwamba mlango wako uko wazi, ila katibu muhtasi wako ana ufunguo." Watacheka, na bosi akiwa na akili atacheka pia, na jambo litakuwa limefika mezani bila mtumishi yeyote kulitia sahihi. Mwezeshaji anaweza kusema hivyo kwa sababu hana cheo cha kugombea pale. Jumatatu yeye hayupo kwenye foleni ya kufukuzwa.

Lakini mtani asiyechimba kaburi ni mtukanaji tu. Kwa hiyo baada ya kusema, abebe kazi. Kabla watu hawajapanda Coaster, kila jambo lililokubaliwa liwe na mtu wake na tarehe yake, kama choo cha Mtu ni Afya, na yawe machache: mawili au matatu. Mambo ishirini ni njia ya heshima ya kutofanya hata moja. Miezi mitatu ikipita arudi, hata kwa saa moja, aulize lililofanyika. Katika mkataba wa malipo siku hiyo ya kurudi iandikwe tangu mwanzo, na asiyetaka kuiweka amekwishaeleza alichokuwa anakitafuta.

Na kama atasikia kwamba aliyesema neno gumu amehamishwa ghafla, asijifanye hajui. Yeye ndiye aliyemwambia mtu huyo kwamba ni salama kusema. Ampigie mkurugenzi simu, amkumbushe walichokubaliana. Haitamfanya apendwe, na pengine hataitwa tena kwenye ofisi hiyo. Hiyo ndiyo sehemu yake ya bili.